Ngalula na Unyevu wa Mamasere

Lori la Kasaji lilikuwa lifike saa kumi na mbili jioni. Saa tatu ya usiku halijafika, saa tano halijafika, na kila nilipopiga namba ya binti yangu Ngalula, mwanamke yule wa mtandao alinijibu kwa upole uleule kwamba mtu ninayemtafuta hapatikani. Nilikaa sebuleni na kitenge mabegani, telefoni kwenye mapaja, nikisikiliza kila pikipiki iliyopita barabara ya Kapata, hapa Kolwezi. Ikipunguza mwendo, nilisimama. Ikipita, nilikaa.

Mimi ni mwoga, sifichi. Mtoto akikohoa mara mbili, kichwani mwangu tumeshafika hospitali. Ngalula husema kwamba kama kuogopa kungekuwa kazi ya kampuni, mimi ningekuwa mkubwa wa idara na gari ningepewa. Lakini usiku ule nilikuwa na haki ya kuogopa. Tangu baba yake alipofariki, ni yeye anayepanda malori mpaka Kasaji kila baada ya wiki mbili kuleta unga wa muhogo, karanga na kuku, nami nauza mezani mbele ya nyumba. Ana miaka ishirini na minane. Hana mume, hana haraka ya mume, na hajawahi kunidanganya hata mara moja, jambo ambalo nimeliona kwa watu wachache.

Alifika alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope. Lori lilikuwa limevunjika ekseli porini. Mkononi alishika bidoni, dumu la mafuta lililokatwa juu na kufungwa kitambaa.

"Mama, usiogope kwanza," alisema.

Mtoto wangu akisema hivyo, huanza kuogopa kabla sijajua sababu.

"Iko nini mule ndani?"

"Ni nyoka. Lakini haiumaka."

Nilijikuta nje, nyuma ya jiko, na sikumbuki nilipitia mlango gani. Ngalula alibaki kizingitini akicheka kwa uchovu na kunieleza kwa sauti ya juu, hata majirani wakasikia. Pale kituo cha treni cha Kasaji, wabeba mizigo wa baiskeli walikuwa wamemzunguka nyoka huyo na kumpiga mawe.

"Ilifungua kinywa yake, mama, mi nikaona mule ndani ni nyeusi kama sufuria, na meno hakuna hata moja. Nikakumbuka mwalimu wetu wa biolojia. Ni ile yenye kukulaka mayai tu. Nikabaambia bale batu: munaua mutu hana meno?"

"Na bale batu, banajibu nini?"

"Banasema mi ni mulozi, muchawi kabisa. Nikasema sawa, mulozi anaomba njia."

Hivyo ndivyo nyoka huyo alivyoingia kwetu. Alikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka bega mpaka vidole, mwembamba, rangi ya kijivu yenye madoa ya kahawia mgongoni. Akikasirika alijikunja na kusugua magamba yake, yakatoa sauti kama mafuta yanayokaanga samaki. Ngalula alimwita Mamasere, jina tunalowaita masista wa misheni, kwa sababu ya rangi ya nguo yake na kwa sababu, alisema, hana anachokula cha kumwaga damu. Nilimkataza jina hilo mara tatu. Mara ya nne nilijisikia mwenyewe nikiuliza, "Mamasere amekula?"

Kwa siku za mwanzo nililala na kitambaa kimesokomezwa chini ya mlango wangu. Jirani yetu, Mama Dodo, ambaye meza yake ya sabuni inatazamana na yangu, hakuniacha nipumue.

"Mama Ngalula, banasema kule kwako nyoka inatapikaka feza."

"Inatapikaka kweli," nilimjibu. "Inatapika maganda ya mayai. Nikuletee kikombe kimoja?"

Alicheka mpaka akashika kitambaa chake cha kichwa. Nami nilikuwa nasema kweli, maana jioni iliyotangulia nilikuwa nimeona.

Ngalula alinishika mkono na kunikalisha mbele ya kabati alimomweka Mamasere. Akaweka yai la kware, lile dogo lenye madoa, akalipasha joto kwanza kiganjani. Mamasere alilifikia polepole, akaligusa kwa ulimi pande zote kama mama anayechagua nyanya sokoni. Kisha akafungua kinywa. Kichwa chake kilikuwa na upana wa kidole changu cha mwisho, na yai lilikuwa pana mara mbili zaidi. Nilisema moyoni, hapa atakufa. Lakini taya lilienda upande huu, likaenda upande ule, ngozi ya shingo ikatanuka mpaka magamba yakaachana na weupe ukaonekana katikati yake, na yai likaingia zima bila ufa. Lilipofika shingoni alijipinda. Tulisikia mlio mdogo, kama ganda la karanga. Uvimbe ukanywea. Baada ya dakika chache alitoa kinywani ganda lililokunjwa vizuri, tupu, karibu kavu, kama mtu aliyekunja barua na kuirudisha.

Nimezaa watoto wanne, nimeona maji ya ziwa Nzilo, nimeona shimo la mgodi lenye ngazi za kushukia mawingu. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na kilikuwa sebuleni kwangu, ndani ya kabati la zamani la televisheni.

Kabati hilo Ngalula alilitengeneza mwenyewe: mbao pande tatu, kioo mbele, matundu ya hewa juu, na chini karatasi na magome makavu. Ndani alitundika kipimo cha mviringo alichonunua duka la Wachina mjini, chenye mshale na namba kutoka sifuri mpaka mia. Nilidhani ni saa.

"Hii inapima mayi yenye kuwa mu hewa," aliniambia. "Unyevu. Ukipata makumi tano, Mamasere iko muzuri. Ikishuka sana, ngozi yake inakauka, haitaweza kuivua. Ikipanda sana na kukaa vile, tumbo yake inaoza."

"Mayi mu hewa? Mi sioni mayi."

"Haionekane, mama. Lakini weye mwenyewe, mwezi wa saba, midomo yako inapasukaka juu ya nini?"

Kwa nini, kweli? Miaka hamsini na mmoja nimepaka mafuta midomo kila kiangazi, sijawahi kujiuliza maji yaliyokuwa hewani yamekwenda wapi.

Aliyetufundisha kwamba hata kipimo huweza kusema uongo ni Tata Stanislas, jirani wa nyumba ya nyuma. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye maabara ya kampuni ya mgodi, akipima maji yaliyobaki katika unga wa shaba uliotoka mashineni: unapima uzito, unakausha ndani ya tanuri, unapima tena, na kilichopungua ni maji. Mkono wake mmoja hutetemeka, lakini akishika kitu cha kupima unatulia. Alikuja kumwona nyoka, akamsahau, akakitazama kipimo.

"Nani alikuambia hii inasema kweli?" alimuuliza Ngalula.

"Tata, ni mupya."

"Mupya njo nini? Leta chumvi."

Alichukua kifuniko cha chupa ya soda, akajaza chumvi ya jikoni, akadondosha maji matone machache mpaka ikawa kama uji mzito. Akaiweka ndani ya chupa kubwa ya mayoneze pamoja na kipimo, akafunga kifuniko kwa nguvu, akatuambia tungoje mpaka jioni bila kugusa. Chumvi iliyolowa, alisema, ikifungiwa hivyo, huifanya hewa ishike maji kiasi kimoja tu, sabini na tano, awe tajiri au maskini aliyeifunga, Kolwezi au Ulaya.

"Na haipokeake matabishi," aliongeza. Matabishi ni kile kidogo unachompa karani mkononi ili mambo yaende.

Jioni mshale ulikuwa themanini na tatu. Kipimo chetu kilikuwa kinajisifu kwa namba nane. Tulipodhani Mamasere ana hamsini, alikuwa na arobaini na mbili. Ngalula aliandika kwenye karatasi, "Toa 8", akaibandika kwenye kioo. Nilikaa nikikitazama kile kifuniko cha soda. Chumvi ile niliitia kwenye sombe, majani yetu ya muhogo, kila siku ya maisha yangu, na kumbe inajua namba.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa mshale. Ngalula akienda Kasaji, mimi nilibaki na maagizo: asubuhi na jioni soma, toa nane, ikiwa chini ya arobaini na tano puliza maji safi kidogo ukutani, usimpulize yeye, usizibe matundu, maji ya kunywa yabadilishwe kila siku. Nilifanya yote. Nilisoma mshale hata mara kumi kwa siku. Mtu mwoga akipewa kitu cha kuangalia, anapata kazi inayomfaa.

Mwaka huu kiangazi kilikuja na meno. Mwezi wa saba usiku baridi, mchana upepo, na malori ya mgodi yanainua vumbi linalokaa hewani mpaka jua linakuwa jekundu. Ngalula alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Asubuhi niliangalia ndani ya kabati, nikaona macho ya Mamasere yamekuwa meupe ya bluu, kama maji yaliyotiwa maziwa. Ngozi yake imefifia. Nilijua maana yake, nilikuwa nimeambiwa: amejiandaa kuvua, na sasa ndipo anapohitaji unyevu mwingi kuliko siku zote. Ngozi ya nyoka huyu hutoka mpaka kwenye macho, maana hana kope. Juu ya kila jicho kuna kigamba kama kioo. Kikikauka na kubaki, haoni, na kikikaa muda mrefu jicho linakufa chini yake.

Mshale ulikuwa thelathini na nane. Nikatoa nane.

Nilipuliza maji. Baada ya saa moja ukuta ulikuwa mkavu kama sijafanya kitu. Nilipuliza tena. Nilimpigia Ngalula, hapatikani. Tata Stanislas alikuwa kwa mwanawe Likasi. Mamasere alikuwa anasugua pua yake kwenye gome, anasugua, anapumzika, anasugua, na mimi nilikuwa nimesimama nimeshika chupa ya kupulizia kama mtu anayezima nyumba inayowaka kwa kijiko.

Ndipo nilipokumbuka gunia.

Mtu wa Kolwezi ataelewa. Magunia ya madini yako kila mahali kwetu. Tunazungushia choo, tunafunika makaa, tunafuta miguu, tunawekea kuku. Hayo yangu yalitoka mtaa wa Kasulo kwa mdogo wangu Micheline, ambaye mume wake alichimba madini chini ya chumba chao cha kulala mpaka ukuta ukapata ufa, na walipohama waligawa magunia kama watu wengine wanavyogawa vyungu. Ni imara, hayaozi, yanashika maji. Nilichukua moja nene. Lilikuwa na madoa ya kijani na meusi, na harufu ya chuma. Kila doa la nguo mimi hulitoa kwa ndimu, mama yangu alinifundisha hivyo. Nikakamua ndimu sita, nikalisugua, nikaliacha juani lilowe ndani ya ndimu, kisha nikalisuuza mara moja, kwa sababu wiki hiyo bomba lilikuwa linatoa maji saa kumi za alfajiri tu na ndoo zilikuwa zinaisha. Likawa safi, karibu jeupe. Nililichovya majini, nikalitandika juu ya matundu na kuacha ncha yake ining'inie ndani.

Mshale ulianza kupanda nikiutazama. Hamsini. Sitini. Mchana ulifika sabini na nne. Natoa nane, sitini na sita! Nilikaa chini nikapiga makofi peke yangu. Nilimwita Mama Dodo aje aone.

"Unajua weye sasa ni ingenieri?" alisema kutoka mlangoni, maana hakuvuka kizingiti. "Utakuja nitengenezea hewa na miye? Bwana yangu anakoromaka sana kiangazi."

Usiku huo nililala vizuri. Gunia lilikuwa linadondosha tone, tone, ndani ya bakuli lake la maji, na mimi niliisikia sauti ile kama mvua ya kwanza.

Ngalula alirudi siku ya tatu ya gunia, mchana. Hakuweka hata mzigo chini. Alitazama kioo, nami nilikuwa nyuma yake nimejiandaa kusifiwa.

"Mama. Hii iko nini juu?"

"Ni gunia. Angalia mushale!"

Hakuangalia mshale. Alifungua kioo, akamwinua Mamasere, nikaona kile ambacho mimi, mtazamaji, nilikuwa sijakiona kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye namba. Tumbo lake lilikuwa na mabaka mekundu. Ngozi ilikuwa imetoka vipande, hapa na pale, kama rangi ya ukuta mbovu, na vipande vingine vimeshikamana. Kinywa kilikuwa wazi kidogo. Alining'inia kwenye vidole vya Ngalula bila kujifunga. Maji ya bakuli yalikuwa na rangi ya kijani hafifu sana, ambayo ungeweza kuapa kwamba ni rangi ya bakuli.

"Ulitosha wapi hii gunia?"

"Kwa Micheline. Lakini niliisafisha! Niliisafisha na ndimu."

Alifumba macho. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alitoka na Mamasere amemfunga kwenye blauzi yake, akapita uani kwenda kwa Tata Stanislas, ambaye alikuwa amerudi asubuhi ile. Nilimfuata na gunia mkononi.

Tata Stanislas alinusa gunia, akaniuliza mambo ya ndimu mara mbili, kisha akalikamua ndani ya glasi. Akatafuta msumari wa chuma, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa kama sindano, akautumbukiza.

"Tuketi," alisema. "Tunywe chai."

Tuliketi. Hakuna aliyekunywa. Mkono wake ulikuwa hautetemeki. Chai ilipopoa aliutoa msumari na kuuweka juu ya karatasi nyeupe. Nusu iliyokuwa ndani ya glasi ilikuwa imebadilika rangi. Ilikuwa nyekundu ya waridi, rangi ya nyaya, rangi ya vile visahani ambavyo marehemu mume wangu aliletewa na kampuni siku ya kustaafu.

"Ni shaba," alisema Tata Stanislas. "Ile mawe ya kijani yenye kubaki mu gunia, mayi tu haiwezi kuiyeyusha. Ndimu njo inaiyeyusha. Kule mashine tunafanyaka vile vile, lakini na asidi. Mama Ngalula, ulifanya kazi ya kampuni muzima mu beseni yako."

Alisema bila ubaya, hata kwa mshangao kidogo. Nami niliutazama ule msumari na, Mungu anisamehe, kabla ya aibu nilisikia kwanza ajabu. Shaba haikuwa imeonekana popote. Nililisuuza gunia, nikaliona jeupe, na ilikuwa mle muda wote ikingoja kitu cha kujishika. Halafu aibu ikaja, ikakaa.

"Itakufa?" Ngalula aliuliza.

"Mi si daktari wa nyoka, mwanangu. Iliinywa, au ililala tu ndani yake, hatujue. Muoshe na mayi ya kuchemsha, ya vuguvugu. Mupatie unyevu wa kweli, safi. Kama itavua yote, pamoja na macho, mi nitasema itaishi. Kama haivue..." Aliufunga msumari ndani ya karatasi.

Njiani kurudi, hatua ishirini tu, Ngalula aliniuliza, "Mama, juu ya nini haukuningojea?"

Ningeweza kusema mshale, ningeweza kusema macho meupe na mtandao. Nilisema, "Niliogopa."

"Najua," alisema.

Alihamisha kabati chumbani kwake. Alichemsha sufuria zote, akakausha, akatoa kila kipande cha karatasi na gome. Akachukua kopo la siagi lenye kifuniko, akakata tundu la mlango, akajaza ndani vitambaa vya pamba vilivyochemshwa na kukamuliwa vizuri, visiwe vya kudondosha, viwe vya kutoa pumzi tu. Hivyo Mamasere angekuwa na chumba kidogo chenye unyevu mwingi ndani ya chumba kikubwa chenye unyevu wa kiasi, achague mwenyewe aingie au atoke. Haya niliyaona kupitia ufa, maana baada ya hapo alifunga mlango na nikasikia ufunguo ukizunguka. Katika nyumba yetu mlango wa ndani haujawahi kufungwa kwa ufunguo. Hata mimi sikujua kwamba ufunguo huo bado upo.

Hakwenda Kasaji wiki hiyo. Alitoka asubuhi kusaidia mezani, akarudi, akajifungia. Ufunguo aliufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Alinisalimia vizuri, alikula bukari, ugali niliopika, aliniambia aksanti. Kuhusu nyoka hakusema kitu.

Nilitafuta la kufanya na nikapata moja tu. Saa kumi za alfajiri, bomba linapokohoa, niliamka. Niliosha ndoo, nikaosha sufuria, nikanusa sufuria, nikachemsha maji, nikayaacha yapoe mpaka yavumiliwe na kifundo cha mkono, jinsi nilivyofanya alipokuwa mtoto wa kuogeshwa. Niliweka sufuria mbele ya mlango wake na kugonga mara moja. Mlango ulifunguka upana wa sufuria. Mkono ukatoka, ukachukua. Mlango ukafungwa.

Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu nilisikia ndani sauti yake akimnong'oneza mtu, na nikajua ni nani, na nilibaki pale na miguu kwenye saruji baridi nikisikia wivu na huruma kwa pamoja.

Mama Dodo aliona meza yangu haina maneno.

"Nyoka inagonjwa?"

"Inagonjwa."

Nilingoja mzaha. Alipanga sabuni zake, akazipangua. "Mutoto anakasirika?"

"Hakasirike. Anafunga mulango."

"Ile ni mubaya zaidi," alisema, na jioni alinitumia mayai matano ya kware ndani ya karatasi, bila ujumbe.

Jumapili kwenye misa, wakati wa kuombea wagonjwa, padri alinyamaza ili kila mtu ataje wake kimoyomoyo. Nilitaja shangazi yangu wa Kananga. Nilitaja mkono wa Tata Stanislas. Kisha nikakuta nimemtaja mnyama asiye na miguu wala meno wala kope, kwa jina lake la kitawa, na nikaangalia huku na huku kama kuna mtu ameniona. Hakuna aliyenitazama. Nikamtaja tena, nikaongeza macho yake mawili.

Siku ya sita Ngalula alitoka chumbani akiwa na macho mekundu, akaosha uso uani. Alisema mwenyewe, akiwa amenipa mgongo, "Mukia yake bado. Na kichwa bado."

"Na kipimo?"

"Makumi saba na nane. Toa munane."

"Makumi saba," nilisema.

"Makumi saba."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote wiki ile, na niliyachukua nikayatembeza kichwani siku nzima.

Siku ya saba mlango haukufunguka kwa sufuria. Niligonga mara moja, nikangoja. Niligonga mara ya pili, jambo ambalo sikulizoea. Hakuna mkono. Maji yalipoa. Niliyarudisha jikoni, nikayapasha, nikarudi. Hakuna. Nilisikiliza: kitanda hakilii, mtu hanong'oni. Jua likatoka, watoto wa shule wakapita, Mama Dodo akafungua meza yake na kuniita, sikumwitikia. Nilikaa sakafuni nimeegemeza mgongo ukutani, sufuria pembeni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na jambo baya kichwani la kwenda mbele ya habari. Nilikuwa nimeishiwa hata hayo. Nilitazama tu mbao ya mlango, mistari yake, mahali ambapo rangi iliyopakwa zamani na kampuni imetoka.

Saa nne kasoro nilisikia ufunguo.

Mlango ulifunguka, si upana wa sufuria. Ulifunguka wote mpaka ukagonga ukuta. Ngalula alisimama pale, nywele hazijachanwa, na juu ya viganja vyake viwili alikuwa amebeba kitu chepesi hivi kwamba pumzi yangu ilikitikisa. Ilikuwa ngozi iliyokuwa imebaki, ya mkia na ya kichwa, iliyogeuzwa ndani nje kama soksi, na kila gamba limechorwa. Aliinama, akanionyesha ile ya kichwa. Kichwani palikuwa na vioo viwili vidogo vya mviringo, vyote viwili, na mwanga wa korido ulipita ndani yake.

Nilinyoosha kidole, nikakirudisha.

"Na Mamasere mwenyewe?" niliuliza.

"Iko inakuangalia," alisema. "Ingia. Lakini nawa mikono kwanza."